Quisling wa Norwei: mnadhimu aliyeongoza darasa, mapinduzi yake yalikwamia wapi?

Mwalimu_wa_Zamu

Wakuu, habari za leo. Tukifika kwenye Vita Kuu ya Pili, Vidkun Quisling hupitiwa kwa mstari mmoja tu: kibaraka wa Hitler nchini Norwei, basi. Mwanafunzi akiuliza swali la pili, mwalimu anababaika. Nina mambo manne.

Kwanza, alikuwa askari wa namna gani? Wapo wanaomwita meja, wapo wanaomwita kanali. Aliwahi kuongoza kikosi vitani? Pili, aliingiaje Wizara ya Ulinzi ilhali hakuwa mbunge? Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu: tarehe 9 Aprili 1940 alifanya nini hasa, saa kwa saa, na kwa nini Wajerumani walimweka kando baada ya siku sita tu? Nne, Norwei ilishafuta adhabu ya kifo mwanzoni mwa karne ya ishirini. Sasa alipigwaje risasi mwaka 1945?

Mwenye kujua kimoja ajibu kimoja. Naomba tarehe na mlolongo wa mambo.

Ramani_na_Dira

Nianze na la kwanza, mkuu.

Cheo chake ni meja. Hakufika kanali wala jenerali, na hakuwahi kuongoza kikosi vitani hata siku moja. Alikuwa mnadhimu, yaani ofisa wa mezani: ramani, taarifa za kijasusi, makadirio ya nguvu za adui, mipango. Ukilishika hili mapema utaelewa mengi ya mbele.

Alizaliwa 18 Julai 1887 huko Fyresdal, mkoa wa Telemark, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Aliingia chuo cha kijeshi mwaka 1905, mwaka ule ule Norwei ilipovunja muungano wake na Uswidi na kumpata mfalme wake, Haakon wa Saba. Mwaka 1911 alimaliza chuo cha juu cha kijeshi kwa alama ambazo hakuna aliyewahi kuzipata tangu chuo kifunguliwe 1817. Kwa sababu hiyo alipelekwa mbele ya mfalme kupongezwa. Mshike mfalme huyo, maana atarudi.

Akaingia makao ya unadhimu, na nchi aliyojikita kuichunguza ikawa Urusi. Mwaka 1918 alipelekwa Petrograd kama mwambata wa kijeshi, wakati mapinduzi ya Urusi bado ni moto mbichi, kisha akakaa Helsinki. Mwaka 1922 Fridtjof Nansen, mvumbuzi wa ncha ya kaskazini aliyegeuka kuwa mtetezi wa wakimbizi, alimchukua kusimamia misaada ya njaa Ukraine, makao yao yakiwa Kharkiv. Kazi ile ilikuwa kupanga treni za nafaka, kuhesabu vinywa, kuandika ripoti za wazi zitakazowafungua wafadhili mifuko. Aliifanya vizuri. Hilo lisemwe bila kificho, maana watu hudhani msaliti lazima awe mzembe tangu utotoni. Mwaka 1925 alikwenda tena na Nansen, safari hii Armenia, kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, chombo kile kile ambacho chini yake Uingereza ilikabidhiwa Tanganyika.

Halafu Moscow. Uingereza ilipovunja uhusiano na Urusi ya Kisovieti mwaka 1927, Norwei ndiyo iliyobaki kuangalia maslahi ya Waingereza pale, na Quisling akiwa katika ubalozi wa Norwei alikuwa mmoja wa walioifanya kazi hiyo. Waingereza wakampa nishani, ile ya CBE. Walimnyang'anya mwaka 1940.

Kwa hiyo aliporudi Oslo mwishoni mwa 1929 alikuwa mtu wa miaka arobaini na miwili, anayeijua Urusi kuliko karibu kila ofisa wa nchi yake, aliyeona njaa kwa macho, na aliyegeuka kuwa adui mkubwa wa ukomunisti. Kitu kimoja hakuwa nacho: mazoea ya kushawishi watu. Maisha yake yote alikuwa ameandika taarifa kwenda juu na kupokea amri kutoka juu. Kukaa na mtu asiyekubaliana naye, wakabishana mpaka wapate la kati, hilo hakuwahi kulifanya.

Kisima_cha_Kale

La pili nalichukua mimi.

Norwei, ukiwa waziri huna kiti cha kupigia kura bungeni. Hata mbunge akiteuliwa waziri, kiti chake hushikwa na mwingine. Kwa hiyo kumwita mtu kutoka nje ya Bunge hakukuwa jambo la ajabu. Chama cha Wakulima kilipounda serikali Mei 1931 chini ya Peder Kolstad, kilikuwa na wabunge wachache na kilihitaji jina la kijeshi lenye uzito. Quisling alikuwa ametoka kuandika mfululizo wa makala magazetini kuhusu Urusi, na jina lake lilikuwa midomoni mwa watu. Akapewa Ulinzi.

Wiki chache tu baadaye, 8 Juni 1931, likatokea la Menstad, karibu na Skien. Nchi nzima ilikuwa kwenye mgogoro mkubwa wa kazi, waajiri wakiwa wamewafungia wafanyakazi milango. Bandarini Menstad kampuni ya Norsk Hydro ilikuwa ikipakia mizigo kwa vibarua wasio wa chama. Wafanyakazi waliandamana, wakapambana na polisi kwa mawe, polisi wakarudi nyuma. Serikali ikatuma askari na meli za kivita. Hakuna aliyekufa, lakini Waziri wa Ulinzi ndiye aliyebeba chuki yote, na Chama cha Wafanyakazi hakikumsamehe tena.

Tarehe 2 Februari 1932 alishambuliwa ofisini kwake wizarani na mtu aliyemrushia pilipili machoni na kumchoma kisu. Mshambuliaji hakupatikana kamwe, na magazeti ya upinzani yakasema wazi kwamba hayaamini kisa chenyewe. Miezi miwili baadaye, tarehe 7 Aprili, alisimama bungeni akakishutumu Chama cha Wafanyakazi na wakomunisti kwamba wanapanga kuipindua nchi kwa silaha na fedha za kigeni. Wahafidhina wengi walimshangilia. Hapo nadhani ndipo alipokosea hesabu yake kubwa ya kwanza: makofi aliyaona kama jeshi. Serikali ilipoanguka Machi 1933, aliamini kuna umma unaomsubiri.

Mei 1933 akaanzisha chama chake, Nasjonal Samling, maana yake ni mkusanyiko wa kitaifa. Kiongozi mmoja, amri moja, kila mwanachama chini yake. Uchaguzi wa Oktoba ule kilipata kura 27,850, kama asilimia 2. Mwaka 1936 kura 26,577, hata asilimia 2 hazikufika. Viti bungeni: sifuri mara zote mbili. Mwaka 1937 Johan Bernhard Hjort, wakili aliyekuwa mwanzilishi mwenzake, akajiondoa, na wengi wakamfuata. Kufikia 1939 kilichobaki ni kikundi kidogo, gazeti lisilolipa gharama zake, na kiongozi aliyeamini kuwa wapiga kura ndio waliokosea.

Kwa hiyo jibu fupi la swali lako: uwaziri aliupata kwa kuteuliwa. Kwa kura hakuwahi kupata chochote.

Fyordi_Nyembamba

Sasa tufike 9 Aprili. Nitatumia saa zetu za Kiswahili ili mlolongo usichanganye. Lakini lazima nianze Desemba 1939, bila hapo siku yenyewe haieleweki.

Quisling alikwenda Berlin. Akaonana kwanza na Amiri Erich Raeder wa jeshi la majini, kisha na Hitler mwenyewe, 14 na 18 Desemba. Alimwambia kwamba Waingereza wataitwaa Norwei, na kwamba yeye ana watu ndani ya jeshi. Raeder alikuwa akiitaka pwani ya Norwei kwa ajili ya manowari na kwa ajili ya madini ya chuma ya Uswidi yaliyokuwa yakipita bandari ya Narvik. Hitler akaamuru mipango ianze kuchorwa. Mwanzoni mwa Aprili 1940 Quisling aliitwa Copenhagen, akaulizwa na ofisa wa ujasusi wa kijeshi wa Ujerumani kuhusu ulinzi wa nchi yake, naye akajibu. Lakini tarehe ya uvamizi hawakumwambia. Kwenye mpango wa kijeshi jina lake halikuwa na nafasi. Wajerumani walikusudia kumkamata mfalme na serikali halali, wawalazimishe kutia saini kama ilivyokuwa Denmark.

Kilichovuruga ni meli moja. Meli ya kivita ya Kijerumani, Blücher, iliingia mlango wa bahari wa Oslo usiku ikiwa na wanajeshi pamoja na maofisa waliotakiwa kushika makao ya serikali. Pale Drøbak mlango huo hubana sana, na katikati kuna kisiwa chenye ngome ya Oscarsborg. Kamanda wake alikuwa Kanali Birger Eriksen, mzee wa miaka 64. Mizinga yake mikubwa ya milimita 280 ilikuwa ya karne ya kumi na tisa, na hakuwa na watu wa kuijaza mara ya pili. Alijua ana risasi moja kwa kila mzinga. Saa 10:21 alfajiri akaamuru ifyatuliwe, bila ruhusa ya mtu yeyote juu yake. Zote mbili zikapiga. Meli iliyokuwa ikiwaka ikajivuta mbele hadi mbele ya bomba za torpedo zilizofichwa ndani ya mwamba, torpedo nazo zikaipata. Saa kama mbili baadaye ikazama.

Msafara uliobaki nyuma ukageuka. Oslo haikutekwa alfajiri kama ilivyopangwa. Saa 1:23 asubuhi treni ilitoka Oslo ikiwa na mfalme, familia yake, mawaziri na wabunge, kuelekea Hamar. Malori ya Benki Kuu yakaanza kutoa dhahabu, tani karibu 50. Wajerumani walipofika mjini mchana kutoka uwanja wa ndege wa Fornebu, walikuta ofisi za serikali hazina mtu.

Kwenye ombwe hilo ndipo Quisling alipoingia. Alikuwa katika Hoteli Continental, akizungumza na Hans Wilhelm Scheidt, mtu wa Alfred Rosenberg, kigogo wa chama cha Nazi. Sio balozi, sio jenerali, bali mjumbe wa idara ya chama cha Nazi. Jioni Scheidt akamhakikishia kwamba Hitler atamkubali. Saa 1:30 usiku Quisling akawa kwenye maikrofoni ya redio ya taifa, NRK. Akatangaza kwamba serikali ya Johan Nygaardsvold imekimbia, kwamba yeye sasa ni waziri mkuu, na kwamba kila anayeendelea kupigana anatenda jinai. Akasoma orodha ya mawaziri.

Sasa angalia mashine yake ilivyokuwa na mapengo.

Mawaziri aliowataja wengi hawakuwa wameulizwa. Kadhaa walikataa mara tu walipojisikia redioni, wengine hawakutokea kabisa. Serikali yake ilikuwa majina kwenye karatasi.

Jeshi nalo halikumtii. Siku hiyo hiyo alimpigia simu Kanali Hans Sommerfeldt Hiorth huko Elverum, akamwamuru aikamate serikali. Kanali hakutekeleza. Hapa ndipo unapomwona mnadhimu waziwazi: alidhani amri ikitoka kwenye ofisi ya juu itashuka yenyewe hadi kwa askari wa mwisho. Hakujiuliza yule kanali atamtambua kwa lipi.

Sheria ndiyo iliyomshinda zaidi. Jioni hiyo hiyo Bunge lilihama kutoka Hamar kwenda Elverum kwa sababu Wajerumani walikuwa wakikaribia. Pale, Spika C. J. Hambro aliongoza kikao kilichoipa serikali mamlaka kamili ya kuiendesha nchi hadi Bunge litakapoweza kukaa tena, hata ikibidi kutoka nje ya nchi. Usiku huo huo, pale Midtskogen, kikosi cha kubahatisha cha askari wa gadi, wanachama wa vilabu vya kulenga shabaha na wengineo kikazuia Wajerumani waliokuwa kwenye mabasi wakimfukuzia mfalme.

Tarehe 10 Aprili balozi wa Ujerumani, Curt Bräuer, akakutana na Mfalme Haakon Elverum. Hitler alikuwa amekwisha kumkubali Quisling, kwa hiyo balozi alilazimika kumtaka mfalme amteue. Mfalme aliwaambia mawaziri wake kwamba hawezi kumweka madarakani mtu asiye na imani ya wananchi wala ya Bunge. Wao wakiona lazima ifanyike, yeye ataachia kiti. Serikali ikasimama naye. Ndiye yule yule aliyempongeza kwa alama zake mwaka 1911. Kesho yake ndege za Kijerumani zikapiga mabomu Nybergsund alikokuwa.

Kwa nini basi siku sita? Kwa sababu kwa Wajerumani jina lake liligeuka mzigo. Kabla ya 9 Aprili walitumaini Wanorwei watanyamaza kama Denmark. Baada ya tangazo lile, watu waliokuwa wakisitasita wakapata sababu ya kupigana. Viongozi wa mahakama na wenye viwanda Oslo wakamwambia balozi hivyo. Jaji Mkuu Paal Berg akasimamia mazungumzo, na 15 Aprili Quisling akaondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Baraza la Utawala la kusimamia maeneo yaliyotekwa. Mwenyekiti wake alikuwa Ingolf Elster Christensen, mkuu wa mkoa. Naye pia aliwahi kuwa ofisa wa jeshi na Waziri wa Ulinzi kabla ya Quisling. Tofauti ni kwamba huyu hakujitangaza kuwa serikali.

Mwalimu_wa_Zamu

Asante sana, Fyordi. Hiyo ya simu ya Elverum ndiyo niliyokuwa naikosa. Nina la nyongeza: kama alishindwa kwa siku sita, alirudije kuwa mkuu wa serikali mwaka 1942? Na nguvu zake zilikuwa za kweli au za kwenye picha?

Kisima_cha_Kale

Zilikuwa nusu nusu, mkuu, na nusu ile ya kweli iliua watu.

Tarehe 24 Aprili 1940 Hitler alimteua Josef Terboven kuwa Kamishna wa Dola nchini Norwei. Huyo ndiye aliyekuwa mtawala halisi hadi Mei 1945, na hakumpenda Quisling hata kidogo. Lakini Hitler hakutaka kumtupa mtu aliyemwendea kabla ya wengine wote. Septemba 1940 Terboven akavipiga marufuku vyama vyote isipokuwa Nasjonal Samling na kuweka makamishna wizarani, wengi wao watu wa chama hicho. Tarehe 1 Februari 1942, kwenye sherehe katika ngome ya Akershus, Quisling akapewa cheo cha Waziri-Rais. Terboven akabaki juu yake, na majeshi na polisi wa Kijerumani hawakumtii Quisling kwa lolote.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa shule, na lilimvunja. Tarehe 5 Februari, siku nne tu baada ya kuapishwa, sheria mbili zikatoka: walimu wote wawe ndani ya chama kimoja kipya cha walimu, na kila kijana wa miaka 10 hadi 18 aitumikie jumuiya ya vijana ya Nasjonal Samling. Walimu walikuwa kama 14,000. Viongozi wao wa siri wakatunga tamko fupi la kukataa, likasambazwa kwa mikono. Kila mwalimu akalinakili mwenyewe, akaweka jina lake na anwani yake, akalituma wizarani kwa posta. Barua moja ya pamoja ingempa polisi viongozi wachache wa kukamata. Barua maelfu, kila moja na mwenyewe, zilimlazimisha ama akamate walimu wote ama asikamate kitu. Zilifika zaidi ya 8,000. Wizara ikafunga shule kwa mwezi mzima, ikisingizia uhaba wa kuni. Wazazi wakapeleka barua zao, nyingi kuliko za walimu.

Machi wakakamatwa walimu wanaume kama 1,100. Wakapelekwa kambini, wakakimbizwa kwenye theluji, wakanyimwa chakula. Wachache sana walisalimu amri. Aprili, kama 500 wakapakiwa kwenye meli kuukuu iitwayo Skjerstad huko Trondheim hadi Kirkenes, mpakani kabisa kaskazini, kupakua shehena za jeshi la Ujerumani. Wengine wakarudi madarasani bila kujiunga na kile chama. Mwezi Mei Quisling alikwenda mwenyewe kwenye shule ya Stabekk akawafokea walimu kwamba wao ndio waliomharibia kila kitu. Kwa hesabu zake hakukosea: alitaka kuunda bunge jipya la vyama vya kazi, na bila walimu hakukuwa na pa kuanzia. Walimu wa Kirkenes walirejea makwao kabla ya mwaka kwisha.

Sasa ile nusu nyingine. Norwei ilikuwa na Wayahudi wachache, kama 2,100. Machi 1942 Quisling alirudisha kwenye katiba kifungu cha zamani cha kuwazuia Wayahudi kuingia nchini, kilichofutwa mwaka 1851. Oktoba 26 akatia saini sheria ya kutaifisha mali zao zote. Siku hiyo hiyo wanaume wa Kiyahudi wakakamatwa na polisi wa Kinorwei, na 26 Novemba wanawake, watoto na wazee. Jijini Oslo walichukuliwa kwa teksi za kawaida zilizokodiwa hadi gatini. Meli Donau ikaondoka na watu 529, na safari ikaishia Auschwitz. Kwa jumla waliosafirishwa walizidi 770. Waliorudi hawakufika 40. Wengi wa ambao hawakukamatwa walitoroshwa wakavuka kwenda Uswidi.

Kwa hiyo mtu akikuambia Quisling alikuwa sanamu tu dirishani, mtajie sahihi ya Oktoba 26. Hakuwa na jeshi, lakini polisi, ofisi za kodi na daftari za majina vilikuwa chini ya serikali yake, na kwa kazi ile vilitosha.

Alikuwa akiishi kwenye jumba kubwa la Bygdøy, Oslo, akaliita Gimle. Leo jumba hilo lina kituo cha utafiti na makumbusho ya maangamizi ya Wayahudi. Ni uamuzi mzuri mno.

Hakimu_wa_Kijiji

La nne, la adhabu ya kifo. Hapa watu wengi huchanganya sheria mbili.

Sheria ya jinai ya kiraia ya Norwei, iliyopitishwa 1902 na kuanza kutumika 1905, haina adhabu ya kifo. Hilo ni kweli. Lakini sheria ya jinai ya kijeshi, ya mwaka ule ule wa 1902, iliibakiza kwa makosa ya wakati wa vita. Tatizo lilikuwa kwamba ilisema hukumu kama hiyo isitekelezwe baada ya vita kwisha. Yaani msaliti angesubiri tu amani ifike.

Serikali iliyokuwa uhamishoni London ililiona tundu hilo mapema. Oktoba 1941 ikatoa amri ya kuruhusu adhabu hiyo kutekelezwa hata baada ya vita, na mwanzoni mwa 1942 ikaongeza nyingine. Ilitoa wapi mamlaka ya kutunga sheria bila Bunge? Kwenye kikao cha Elverum cha 9 Aprili. Usiku ule ule Quisling alipokuwa redioni akijitangaza, wabunge walikuwa wanatunga karatasi ambayo juu yake ilisimama hukumu yake miaka mitano baadaye. Yeye alishika redio, wao wakashika sheria.

Mlolongo wa kesi ni huu. Alijisalimisha 9 Mei 1945 kwenye kituo cha polisi cha Møllergata 19, Oslo. Kesi ikafunguliwa 20 Agosti katika jengo la Frimasoni. Mwendesha mashtaka alikuwa Annæus Schjødt, wakili wake wa utetezi Henrik Bergh. Mashtaka hayakuwa usaliti tu. Kulikuwa na kujaribu kubadili katiba kwa nguvu, kumsaidia adui, wizi wa mali, na mauaji, pamoja na lile la ofisa wa polisi Gunnar Eilifsen, aliyepigwa risasi Agosti 1943 kwa kukataa kuwakamata wasichana waliogoma kwenda kazi za kulazimishwa. Sheria iliyotumika kumuua Eilifsen ilitungwa baada ya yeye kukataa, ikafanywa irudi nyuma. Tarehe 10 Septemba Quisling akahukumiwa kifo, rufaa ikakataliwa Oktoba, na 24 Oktoba 1945, saa 8:40 usiku, akapigwa risasi ndani ya Akershus. Ngome ile ile alikopewa Uwaziri-Rais.

Jumla walionyongwa na kupigwa risasi baada ya vita ni 37: Wanorwei 25 na Wajerumani 12. Wa mwisho alikuwa Ragnar Skancke, Agosti 1948, waziri wa kanisa na elimu aliyepokea zile barua za walimu. Adhabu ya kifo ikafutwa kabisa, hata ya kijeshi, mwaka 1979.

Fyordi_Nyembamba

Hakimu, sahihisho dogo: hakuna aliyenyongwa. Wote 37 walipigwa risasi na kikosi.

Hakimu_wa_Kijiji

Umesema kweli, nimeteleza. Wote ni risasi.

Ramani_na_Dira

Mwalimu, kwa darasa lako neno nalo lina kazi. Magazeti ya London yalianza kulitumia jina lake kama nomino ya kawaida Aprili hiyo hiyo ya 1940, kabla hata mapigano ya Norwei hayajaisha. Kiswahili tunalifasiri "kibaraka", na mimi silikubali sana. Kibaraka huchezeshwa kamba na mwingine. Quisling wa 9 Aprili hakuchezeshwa na mtu. Wajerumani hawakuwa wamempanga, alijichomeka mwenyewe, kisha ndipo Hitler akaidhinisha. Kibaraka alikuja kuwa baadaye, 1942, chini ya Terboven. "Msaliti" linafaa kwa siku ile ya redio, na "haini" ndilo la mahakamani, kwa sababu uhaini ni kosa lenye vifungu na ushahidi. Ukiwapa wanafunzi maneno matatu hayo na kuwaambia waoanishe kila moja na mwaka wake, watakuwa wameshika kisa chote.

Na ukipata nafasi waongezee la nne, "jøssing". Februari 1940 manowari ya Kiingereza iliivamia meli ya Kijerumani Altmark katika fyordi ya Jøssing, kusini mwa Norwei, kuwatoa mabaharia wafungwa. Watu wa Quisling wakaanza kuwaita wapinzani wao "jøssing" kama tusi, wakimaanisha vibaraka wa Uingereza. Wapinzani wakalipokea, wakalivaa kama beji, na Wanorwei bado wanalijua kama jina la mtu aliyesimama na nchi yake.

Mwalimu_wa_Zamu

Ramani, zoezi la maneno matatu nalichukua kama lilivyo. Kisima, zile barua za walimu nitaanza nazo kabla ya 9 Aprili yenyewe. Nitawapa kila mmoja karatasi walinakili tamko la kukataa kwa mkono na kuweka jina, halafu ndipo niwaambie waliotuma walifanywa nini.